Hukumu za Kodi ya Pango Zisifungiwe Kabatini

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo waliambiwa wafanyabiashara, wapate kuandika wanachouza na wanachokopesha. Leo twapenda kuyaelekeza kwa vyombo vinavyoamua mashauri baina ya wenye nyumba na wapangaji. Haki nayo ni mali; na haki isiyo na daftari linalosomeka hupotea vile vile, wala mwenyewe asijue imepotelea wapi.

Tunaandika hayo tukiifikiria Bugarama, kata iliyomo katika Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Ukanda ule wote, tangu Kahama mpaka Geita, ni nchi ya watu wanaohama kuifuata kazi. Kuna waliokuja kuchimba kwa sururu na karai. Kuna walioajiriwa mgodini. Kuna mafundi, madereva, wauza nguo, vinyozi na mama ntilie. Walio wengi hawakuja na nyumba mgongoni. Wamepanga chumba kimoja, au viwili, au fremu ya duka kando ya barabara, nao hulipa kodi ya pango kwa mwenye nyumba ambaye mara nyingi naye ni mtu wa kawaida: mkulima aliyeuza pamba na ng'ombe akajenga vyumba vinne, au mjane aliyeachiwa kibanda kimoja kiwe pensheni yake.

Historia ya dhahabu katika eneo hili imekuwa ya kupanda na kushuka. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliokuwako Bulyanhulu waliondolewa. Mwaka 2001 mgodi mkubwa ulianza kazi. Mwaka 2017, baada ya Serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, kazi mgodini ikapunguzwa na watu wengi wakakosa ajira. Januari 2020 Serikali na kampuni ya Barrick zilitia saini makubaliano mapya, na baadaye uchimbaji wa chini ya ardhi ukarejea. Kila badiliko la namna hiyo lina mwangwi wake mlangoni kwa mwenye nyumba. Kazi ikipungua, mpangaji hushindwa kulipa na mwenye nyumba hukosa cha kulisha watoto. Kazi ikiongezeka, wageni humiminika, chumba cha jana hutakiwa kwa bei ya leo, na yule aliyekikalia huonekana kuwa kizuizi. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

MFANO WA MAMA NTILIE

Tuchukue mfano tu, ili jambo lieleweke. Mama mmoja amepanga fremu auze chakula. Ametakiwa kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kama ilivyo desturi katika miji yetu mingi, naye amekopa katika kikundi cha kina mama akalipa. Mwezi wa tano mwenye nyumba anamwambia ahame, maana amepatikana mtu mwenye fedha zaidi. Mama akikataa, anakuta kufuli jipya mlangoni, na masufuria yake yamo ndani. Hana mkataba wa maandishi. Analo karatasi moja tu lenye saini na kiasi alicholipa.

Mama huyo ana mambo mawili ambayo hana budi kuyajua kabla hajafunga safari kwenda barazani. La kwanza ni sheria inasema nini. La pili ni je, watu wenye shauri kama lake waliokwisha kutangulia waliamuliwaje? Sheria inaweza kusomwa, au akasomewa na msaidizi wa kisheria. Lakini swali la pili halina pa kujibiwa. Majibu yamo katika majalada. Majalada yamo katika kabati. Na ufunguo wa kabati haumo mikononi mwa mama ntilie.

Tazameni sasa jinsi jambo hilo lilivyo zito. Mwenye mali nyingi huweza kumlipa wakili ambaye amekwisha kuendesha mashauri hamsini mbele ya baraza lile lile. Wakili huyo anajua hukumu zilivyokwenda, anajua ushahidi gani hukubaliwa na upi hukataliwa. Maarifa hayo hayakutoka kwenye fedha za mteja wake; yalitoka katika chombo cha umma, kilichojengwa na kuendeshwa kwa kodi ya wananchi wote. Inakuwaje basi kitu kilichogharamiwa na wote kijulikane kwa wachache tu?

SHERIA ZILIVYOBADILIKA

Zamani nchi yetu ilikuwa na sheria zilizomlinda mpangaji waziwazi. Mwaka 1962, mwaka ule ule lilipoundwa Shirika la Nyumba la Taifa, ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwaka 1984 ikaja sheria mpya ya kazi hiyo hiyo, nayo ikaweka mabaraza ya nyumba ya mikoa ya kusikiliza mashauri. Chini ya sheria hizo mwenye nyumba hakuweza kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji kwa matakwa yake tu. Mwaka 2005 Bunge likaifuta sheria ile ya 1984. Tangu hapo, kodi ya pango imekuwa jambo la mapatano baina ya watu wawili.

Yaliyobaki yamo katika Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo yaeleza wajibu wa mwenye nyumba na wa mpangaji. Yasema, kwa mfano, kwamba pasipotajwa muda wa upangaji wala namna ya kuuvunja, upangaji huhesabiwa kuwa wa vipindi, kwa kufuata namna kodi inavyolipwa. Na anayetaka kuuvunja sharti atoe notisi isiyopungua kipindi kimoja. Anayelipa kwa mwezi, notisi yake ni ya mwezi.

Maneno hayo ni mafupi, na maisha ni marefu. Je, karatasi lenye saini na kiasi cha fedha ni mkataba au si mkataba? Je, aliyeweka dari na saruji kwa fedha yake atarudishiwa? Je, mwenye nyumba akifariki, warithi wafungwe na ahadi yake? Sheria inapotoa kanuni ya jumla na kuyaacha mengine katika mapatano, hukumu zilizotangulia ndizo zinazoonyesha kanuni hiyo hufanya kazi namna gani. Kwa hiyo kufutwa kwa sheria ya 1984 kuliongeza thamani ya majalada. Pale ambapo zamani mwananchi alitegemea kifungu, leo hana budi kutegemea mfano.

Na vyombo vya kuamua ni vipi? Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka ngazi tano: baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani. Baraza la kata lina wajumbe wasiopungua wanne wala kuzidi wanane, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Zamani liliweza kuamua mashauri ya mali isiyozidi shilingi milioni tatu. Lakini mwaka 2021 sheria ilirekebishwa: baraza la kata likaondolewa uwezo wa kutoa hukumu za ardhi, likaachiwa kazi ya usuluhishi. Sasa mtu hafiki baraza la wilaya kabla baraza la kata halijathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku thelathini zikiwa zimepita bila suluhu.

Maana yake kwa mtu wa Bugarama ni kwamba njia ya haki imekuwa ndefu zaidi. Usuluhishi ukishindikana katani, hana budi kupanda gari kwenda kwenye baraza la wilaya mjini Kahama, na rufani ikimpasa, kwenda Shinyanga kwenye Mahakama Kuu. Kila safari ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea. Mtu anayesafiri mbali kutafuta haki anastahili kujua, kabla ya kupanda gari, kama shauri lake lina miguu au halina.

JALADA NDIYO ROHO YA SHAURI

Wako watakaosema: hukumu ikishatolewa, shauri limekwisha, karatasi za nini tena? Jibu ni kwamba karatasi ndiyo roho ya shauri.

Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Mbeya lililohusu Halmashauri ya Jiji hilo, ilifuta mwenendo mzima wa baraza la wilaya. Kisa ni kwamba kumbukumbu hazikuonyesha kuwa maoni ya wazee wa baraza yalisomwa mbele ya wadaawa. Mahakama ilieleza kwamba wadaawa wana haki ya kuyajua maoni hayo kabla ya hukumu kuandikwa. Fikirini watu waliokwisha kutumia miaka katika shauri, kisha kazi yote ikafutwa kwa sababu ya jambo ambalo halikuandikwa! Laiti wadaawa wangekuwa na mazoea ya kuomba na kusoma mwenendo wa shauri lao, kasoro kama hizo zingeonekana mapema.

Kadhalika rufani. Asiyeridhika na hukumu ya baraza la wilaya ana siku arobaini na tano za kukata rufani. Sheria ya Ukomo imekuwa na huruma: siku za kungojea nakala ya hukumu hazihesabiwi. Lakini huruma hiyo humfaa aliyeweka ushahidi wa siku aliyoomba nakala na siku aliyoipokea. Aliyeomba kwa mdomo tu, akaambiwa arudi kesho na keshokutwa, hana cha kuonyesha. Ndugu wafanyakazi, mkiomba nakala, ombeni kwa barua, na barua yenu igongwe muhuri wa mapokezi. Hilo ni jambo dogo ambalo limeokoa rufani nyingi.

Tena kanuni za mabaraza ya wilaya za mwaka 2003 zimeagiza jambo jema ambalo watu wachache wanalifahamu: hukumu ya baraza iwe fupi, iandikwe kwa lugha nyepesi, na iwe na maelezo ya kisa, uamuzi juu ya kila hoja, hukumu yenyewe, na sababu za hukumu. Mzee wa baraza naye ameruhusiwa kutoa maoni yake kwa Kiswahili. Aliyetunga kanuni hizo alikuwa na mwananchi moyoni. Hukumu fupi yenye lugha nyepesi haikuandikwa kwa ajili ya mawakili, maana wao wamezoea ndefu na nzito. Iliandikwa ili isomwe na watu. Je, yafaa iandikwe ili isomwe na watu, kisha isisomwe na watu?

YALIYOKWISHA KUFANYWA

Haki yataka tuseme pia mema yaliyofanyika. Katiba yetu, ibara ya 18, yatambua haki ya raia kupata habari. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayompa raia haki ya kuomba taarifa zilizomo katika mamlaka za umma. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Na hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani huchapishwa sasa katika mtandao wa TanzLII, ambako mtu yeyote mwenye simu huweza kuzisoma bila malipo. Vijana wetu wa miaka ya 1967 hadi 1972 waliokuwa wakisoma sheria Dar es Salaam walitegemea vijitabu vya muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu. Leo kilichokuwa cha chuo kimoja kimefika kwenye kiganja cha kila mtu.

Lakini tazameni pengo lililobaki. Mashauri ya chumba na fremu ni machache sana yanayofika Mahakama Kuu. Walio wengi huishia katani au wilayani, kwa kuwa kiasi kinachogombewa hakilipi hata nauli ya rufani. Kwa hiyo hukumu zilizo rahisi kusoma ni zile zinazowahusu watu wachache, na zile zinazowahusu watu wengi ndizo ngumu kupata. Ni sawa na mtu aliyechimba kisima kirefu mlimani, na kijiji kiko bondeni.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Nchini Kenya kuna baraza maalumu la mashauri ya kupanga majengo ya biashara, lililotokana na sheria ya mwaka 1965, na maamuzi yake huchapishwa katika mtandao wa Kenya Law pamoja na hukumu za mahakama nyingine. Muuza duka wa Nakuru akitaka kujua mwenzake wa Kisumu aliamuliwaje, husoma. Kama muuza duka wa Nakuru anaweza, muuza duka wa Bugarama amekosa nini?

HOFU ZA HAKI NA HOFU ZISIZO ZA HAKI

Wako wanaoogopa uwazi huu, nasi tusiwabeze, maana katika hofu zao mna jambo la kweli.

Nchini Marekani mashauri ya kuwatoa wapangaji yaliachwa wazi bila ulinzi, na makampuni yakayakusanya majina ya walioshtakiwa, yakayauza kwa wenye nyumba. Mpangaji aliyewahi kufikishwa mahakamani hata mara moja, hata kama alishinda, hukuta milango inafungwa kila aendako. Jimbo la California lililiona kosa hilo, na mwaka 2016 likatunga sheria ya kuyafunga majalada hayo yasionekane na watu wengine, isipokuwa pale mwenye nyumba aliposhinda ndani ya siku sitini tangu kufungua shauri.

Somo kwetu ni hili: kinachotakiwa kujulikana na wote ni shauri, si mtu. Mwananchi wa Bugarama hahitaji kujua ni nani aliyeshindwa kulipa kodi ya miezi mitatu. Anahitaji kujua kwamba mtu aliyeshindwa kulipa miezi mitatu baada ya kuachishwa kazi aliamuliwaje, na kwa sababu gani. Katika mashauri ya makazi majina yaweza kuondolewa, yakawekwa herufi, na hukumu ikabaki na faida yake yote. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo yafaa iwe uzio wa kumlinda mtu, isiwe pazia la kuficha kazi ya baraza.

Hofu nyingine ni ya wenye nyumba, kwamba uwazi utakuwa silaha ya wapangaji wakorofi. Hii si hofu ya haki. Mpangaji mkorofi hustawi gizani. Yule anayehama usiku na kuacha deni la umeme, au anayekaa miezi sita bila kulipa akitumaini mwenye nyumba atachoka, hutegemea kwamba mjane yule hajui njia ya baraza wala hajui wenzake walipataje fedha zao. Hukumu zikisomeka, mjane atajua kwamba kuna dawa isiyokuwa kufuli jipya wala vijana wa kuvunja mlango. Uwazi humlinda mwenye haki, awe ndani ya chumba au nje yake.

Hofu ya tatu ni ya gharama. Watasema mabaraza hayana makarani wa kutosha wala mashine. Hili ni kweli kwa kiasi chake. Lakini tunayoyaomba hayahitaji jengo jipya.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwanza, kila baraza la kata liwe na daftari moja la mashauri ya pango, lenye kurasa zilizopigwa namba. Kila usuluhishi uandikwe: ugomvi ulikuwa nini, wamepatana nini, au kwa nini hawakupatana. Kila upande upewe nakala siku ile ile. Suluhu isiyoandikwa husahauliwa kabla ya msimu wa mvua.

Pili, kila baraza la wilaya litoe, kila baada ya miezi mitatu, muhtasari wa mashauri ya pango yaliyokwisha, kwa Kiswahili, bila majina ya watu wa kawaida: kisa, uamuzi, sababu. Kurasa mbili au tatu zatosha. Muhtasari huo ubandikwe kwenye mbao za matangazo za wilaya na za kata, na nakala ipelekwe katika maktaba.

Tatu, hukumu za mabaraza ya wilaya zichapishwe kidogo kidogo pale pale zinapochapishwa za Mahakama Kuu, kuanzia na mashauri ya nyumba na ardhi, ambayo ndiyo yanayowagusa watu wengi.

Nne, ada ya kukagua jalada na ya kupata nakala iandikwe waziwazi mlangoni pa ofisi, pamoja na idadi ya siku za kungojea. Ada inayojulikana haiwezi kuongezwa chini ya meza.

Tano, matawi, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya kina mama visingoje kuletewa. Katika mkutano wa kila mwezi isomwe hukumu moja, izungumzwe, watu waulize. Watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika dagashida mashauri yalizungumzwa mbele ya mkutano, na kila aliyehudhuria aliondoka akijua nini kimeamuliwa na kwa nini. Baraza la kisasa lina mihuri na vifungu ambavyo dagashida haikuwa navyo; lisikubali kushindwa nayo katika kusikika.

Ndugu wasomaji, hatuombi mpangaji apendelewe, wala mwenye nyumba aonewe. Twaomba wote wawili waingie barazani wakiwa na mwanga sawa. Mabaraza yetu huketi hadharani, na hukumu zake hutolewa kwa mamlaka ya wananchi. Kilichosemwa mbele ya watu kisigeuke siri kwa kuwa tu kimeandikwa. Kabati lifunguliwe, mama ntilie asome, na mwenye nyumba naye asome. Kisha waonane barazani kama watu wawili wanaoijua haki na wajibu wao.